Mpangaji Sugu Hazaliwi Sugu

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Msemo huo niliusoma shuleni, nikaufundisha kwa miaka mingi, nikautungia hata maswali ya mtihani. Hata hivyo, sikuuelewa barabara hadi Septemba 2022, nilipokabidhiwa funguo kumi ambazo hazikufungua mlango hata mmoja.

Nieleze. Nakuru ilitawazwa rasmi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu hapo, na kwa hakika hata kabla ya hapo, gumzo katika vyumba vya walimu wakati wa chai limekuwa ni ploti: nani amenunua Lanet, nani amejenga Kiamunyi, nani amepata vyumba vya kupangisha Rhonda kwa bei ya kutupa. Nami sikutaka kuachwa nyuma na wenzangu. Nilikopa katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, nikaongeza vijisenti nilivyokuwa nimedunduliza, nikanunua vyumba kumi upande wa Kaptembwo. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba vyumba vyote vina watu, na kwamba watu hao ni walipaji wazuri. Nilikagua kuta, paa, choo na mita ya maji. Hatimiliki niliitafutia uthibitisho katika ofisi ya ardhi. Watu sikuwakagua. Wote walikuwa wamekwisha kubadilisha vitasa vyao zamani, na mwenye kuuza hakulijua hilo, au alilijua akanyamaza.

Kufikia mwisho wa Oktoba, vyumba saba vilikuwa vimelipa na vitatu havikulipa. Nilipolifungua daftari la mlinzi wa ploti, yule ambaye watu humwita keateka, niligundua kwamba vitatu hivyo vilikuwa na madeni yaliyoanza kabla yangu. Nikampigia simu dalali aliyetukutanisha na muuzaji. Alicheka.

"Daktari, hao ni sugu," alisema. "Hao ni maskwota tu. Ezua mabati asubuhi moja, watatoka wenyewe."

Maneno hayo mawili, sugu na skwota, yamenishughulisha tangu siku ile, na ndiyo ninayotaka tuyatafakari leo. Kadhia ya wapangaji wa kurithi inawakabili walimu wengi walionunua nyumba kwa mikopo, na inawakabili wanafunzi wengi wanaoishi katika nyumba hizo. Naamini kwamba nusu ya kadhia hiyo huzaliwa katika namna tunavyowaita watu kabla hatujawasikiliza.

Tuanze na sugu. Siku hizi tunalitumia neno hili kama sifa: mhalifu sugu, mgonjwa wa maradhi sugu, mdeni sugu. Lakini asili yake ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha mkulima au kwenye goti la mwenye kusujudu. Sugu hutokana na kusuguliwa. Hakuna mtoto aliyezaliwa nayo. Ukiiona, jua kwamba kuna kitu kilichopita mahali hapo mara nyingi, na swali la busara ni kuuliza ni kitu gani.

Mimi sikuuliza. Mnamo Novemba, keateka aliniambia kwamba mama mmoja muuza mboga alikuwa na deni la miezi minne, Julai hadi Oktoba, shilingi 12,000, na kwamba alikuwa mjeuri. Nilinunua kufuli, nikaenda asubuhi mama huyo alipokuwa sokoni, nikaufunga mlango wake juu ya kitasa chake. Jioni alinipigia simu. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba vitabu vya mwanawe vilikuwa ndani, na kwamba mtoto huyo angefanya mtihani wa KCPE baada ya wiki mbili. Nilimjibu kwamba alipe kwanza. Usiku huo yeye na watoto wake wawili walilala kwa jirani.

Siku ya pili alinijia na simu yake. Ndani yake zilikuwamo jumbe nne za M-Pesa, kila moja ya shilingi 3,000, zote zimetumwa kwa nambari ya keateka, kama alivyokuwa ameagizwa na mwenye nyumba wa awali. Alikuwa amelipa kila mwezi. Aliyekula fedha hizo ndiye aliyenipa habari za ujeuri wake. Fauka ya hayo, Julai na Agosti ilikuwa miezi ya kabla ya mimi kununua, na mkataba wangu wa mauzo haukusema lolote juu ya madeni ya nyuma. Kwa hiyo nilimfungia mama mlango kwa deni ambalo hakuwa nalo, na ambalo hata kama angekuwa nalo, nusu yake haikuwa yangu kudai. Nilikwenda kuitoa kufuli kwa mikono yangu mwenyewe mbele ya ploti nzima. Mtoto alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu." Sijapata kuitikia salamu iliyo nzito kama ile.

Chumba cha pili kilikuwa cha mzee aliyeishi humo kwa miaka mingi akilipa kodi ya zamani, shilingi 2,200. Daftari lilisema ana deni la miezi saba, yaani shilingi 15,400. Mzee alinionyesha paa. Upepo uliong'oa mabati ulikuwa umemgharimu shilingi 14,000, naye alitengeneza kwa idhini ya mwenye nyumba kwa makubaliano kwamba fedha hizo zikatwe kwenye kodi. Hapakuwa na karatasi. Nilimpigia simu aliyeniuzia, akakiri kwamba ni kweli, alisahau kunieleza. Mzee akanilipa shilingi 1,400 zilizobaki, deni likaisha.

Chumba cha tatu kilikuwa cha kijana fundi wa pikipiki, na huyo, waama, alikuwa sugu kwelikweli. Hakuwa na risiti, hakuwa na ujumbe, hakuwa na hoja; alikuwa na muziki tu. Sisemi kwamba kila mpangaji ameonewa. Nasema kwamba kati ya watatu nilioambiwa ni sugu, mmoja tu ndiye aliyekuwa hivyo, na kama ningeufuata ushauri wa dalali ningewaezulia mabati wote watatu.

Sasa tuje kwenye neno skwota. Tumelitohoa kutoka Kiingereza, ambako humtaja mtu anayekaa mahali bila ruhusa. Lakini katika Bonde la Ufa neno hili lina historia yake. Baada ya mkataba wa 1904 kuwahamisha Wamaasai kutoka Naivasha na Nakuru hadi Laikipia, na ule wa 1911 kuwahamisha tena kuelekea kusini, malisho yao yaligawiwa walowezi. Walowezi walihitaji vibarua. Familia zilitoka Kiambu, Murang'a, Nyeri na kwingineko pamoja na mifugo yao, zikapewa mahali pa kulima na kulisha kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya 1918 ilidai siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Skwota huyo hakuwa mvamizi. Alikaa kwa mapatano, na kodi yake aliilipa kwa jasho. Jina ndilo lililomwita mvamizi, na siku mlowezi alipotaka kumwondoa, jina lilikuwa limekwisha kutoa hukumu.

Baada ya uhuru, mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi, mathalani Ndeffo, jina ambalo hadi leo limebaki upande wa Njoro. Aghalabu mashamba hayo hayakuwa matupu. Wanunuzi, ambao wengi wao walikuwa maskwota wa jana au watoto wa maskwota, walikuta ndani yake vibarua waliozeekea humo. Swali lao lilikuwa lile lile lililonikabili mimi Kaptembwo: niwafanyeje niliowakuta? Katika eneo hili la nchi, ni nadra mtu kununua mahali pasipo mtu. Tunanunua udongo na kuta, na pamoja navyo tunanunua mapatano ya watu wengine, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa.

Sheria ya Kenya inasema jambo hilo hilo kwa lugha yake. Mwenye kununua nyumba iliyo na wapangaji huvaa viatu vya aliyemuuzia. Upangaji haufi kwa sababu jina kwenye hatimiliki limebadilika. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji usiotajiwa muda, ambao kodi yake hulipwa kila mwezi, huhesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi, na upande wowote unaweza kuukomesha kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayokwisha siku ambayo kodi hulipwa. Mpangaji asipotoka baada ya hapo, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuwa askari, hakimu na mvunja paa kwa wakati mmoja. Njia yake ni mahakama. Hata akitaka kukamata vitu vya mpangaji kwa ajili ya deni la kodi, sheria inamtaka amtumie mpiga mnada mwenye leseni, wala si vijana wa mtaani.

Kwa wale wanaolipa kodi ya chini kuna kinga zaidi. Sheria ya kudhibiti kodi, iliyotungwa 1959 kabla ya uhuru, inazihusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo hawezi kutolewa wala kuongezewa kodi bila idhini ya baraza maalumu la migogoro ya kodi, na mwenye nyumba haruhusiwi kumkatia huduma wala kumsumbua kwa nia ya kumtoa. Maduka na mikahawa nayo yana sheria yake ya 1965 na baraza lake. Hapo mmiliki anayetaka kuukomesha upangaji unaolindwa hutoa notisi ya angalau miezi miwili, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya baraza.

Tazama basi ajabu iliyokuwa katika ploti yangu. Mzee wa shilingi 2,200 alikuwa chini ya kivuli cha sheria moja, na mama wa shilingi 3,000, aliyetenganishwa naye na ukuta wa inchi sita, alikuwa chini ya nyingine. Mama alikuwa maskini kuliko mzee, lakini kinga yake ilikuwa ndogo. Kima cha shilingi 2,500 kimeachwa pale pale kwa miongo mingi huku bei ya unga, ya mabati na ya vyumba ikipanda. Muswada wa 2021 kuhusu wenye nyumba na wapangaji ulikusudia kuziunganisha sheria hizi zilizotawanyika. Lengo hilo ni jema na wabunge wetu hawana budi kulitimiza, kwani Katiba ya 2010 inamlinda mwenye mali katika kifungu cha 40 na inampa kila mtu haki ya makazi bora katika kifungu cha 43. Haki hizo mbili zinapokutana mlangoni, haifai ziamuliwe na kufuli.

Kuna sababu nyingine ya sisi watu wa Nakuru kutahadhari. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru zikiacha vyumba walivyokuwa wamepanga. Jijini Nairobi, mwishoni mwa 2001, mzozo wa kodi ulizusha ghasia huko Kibera na watu wakapoteza maisha. Mahali ambapo mwenye nyumba ni wa kabila hili na mpangaji ni wa kabila lile, deni la shilingi 3,000 linaweza kuvikwa vazi la siasa kwa siku moja. Mwenye nyumba anayeezua mabati badala ya kuandika notisi hajui ni mlango gani mwingine anaoufungua.

Najua utakalosema, mwalimu mwenzangu. Utasema kwamba mkopo hausubiri notisi. Makato huja mwisho wa mwezi, mpangaji awe amelipa au hajalipa, na nauli ya kwenda mahakamani hairudishwi. Hayo ni kweli, nami niliyaonja. Kijana wa pikipiki nilimpa notisi ya maandishi mbele ya shahidi mnamo Januari 2023. Hakuijali. Nilipokuwa nikijiandaa kwenda mahakamani, alihama usiku mmoja wa Aprili akiniachia deni la miezi saba yangu, shilingi 21,000, pamoja na giza, kwa maana hata balbu aliichukua. Subira ina gharama. Lakini gharama hiyo ningeweza kuipunguza kwa kazi ya siku mbili kabla ya kununua, na hapo ndipo penye kosa langu la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, anayetaka kununua nyumba yenye wapangaji na apite mlango kwa mlango kabla ya kulipa. Kila mpangaji aandike na kutia sahihi kodi anayolipa, amana aliyoweka, anachodaiwa, anachodai, na nambari anayotumia kulipia. Karatasi hiyo ilinganishwe na daftari la muuzaji, na pale panapotofautiana, bei isubiri. Mkataba wa mauzo useme wazi ni nani anayechukua madeni ya nyuma, na amana za wapangaji zikabidhiwe mnunuzi siku ile ile ya funguo, la sivyo atakuja kudaiwa fedha ambazo hajaziona. Hatimaye, muuzaji mwenyewe awaandikie wapangaji kwamba kuanzia tarehe fulani wamlipe fulani. Mpangaji anayeambiwa na mgeni alipe kwa nambari mpya ana haki ya kushuku. Siku hizi matapeli ni wengi.

Nawe mwanafunzi uliyepanga karibu na chuo, usiufute ujumbe wa malipo. Jumbe nne katika simu ya mama muuza mboga zilikuwa na nguvu kuliko daftari zima la keateka. Omba risiti, omba mapatano ya maandishi, na ukitengeneza kitu cha mwenye nyumba kwa fedha zako, idhini yake iwe kwenye karatasi.

Mapatano hayo yaandikwe kwa lugha gani? Mkataba wa kwanza niliowapa wapangaji wangu niliunakili kutoka kwa rafiki. Ulikuwa wa kurasa sita za Kiingereza cha kisheria ambacho mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, nilikisoma mara mbili. Nikauweka kando, nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tulikutana uani Jumapili alasiri, nikausoma kwa sauti. Mzee wa chumba cha pili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mwalimu, karatasi hii imesema yote nitakayofanya mimi. Mbona haisemi utakayofanya wewe?"

Nilikosa jibu. Lugha yetu humwita anayekaa katika nyumba ya mwingine mpangaji, neno linalotokana na kupanga, na kupanga ni kuweka mambo kwa utaratibu. Nilikuwa nimewaandikia watu amri nikaiita mapatano. Tukaongeza vipengele vinne siku ile: maji, paa, taa ya uani, na kwamba hakuna mlango utakaofungwa na mwenye nyumba kwa kufuli. Kipengele hicho cha mwisho alikipendekeza mama muuza mboga, na hakunitazama alipokuwa akisema.

Yeye na mzee bado ni wapangaji wangu, na keateka nilimwachisha kazi. Ile kufuli ninayo ofisini, juu ya rafu ya vitabu. Mwanafunzi aniulizapo ni ya nini, humwambia kwamba ni somo la msamiati.